Mzinga mdogo wa mahandakini haukuangushwa na uzito

Wapenzi wa historia ya silaha wakifika kwenye mzinga wa Kifaransa wa milimita 37 wa mwaka 1916, hukumu huwa imeshaandikwa: kidude kilichowaelemea waliokibeba na kisichomtisha aliyelengwa, kikapitwa na mota, yaani bomba fupi la kurushia mabomu juu angani, na kusahaulika. Sentensi mbili tu, kisha wanahamia kwenye vifaru. Nusu ya hukumu hiyo naikubali. Kombora lake lilikuwa dogo, hilo halina ubishi. Lakini hoja ya uzito haisimami, na hesabu ya kuiangusha si ngumu. Kilichouondoa mzinga ule vitani ni kwamba ulilazimika kuiona shabaha yake ana kwa ana, na katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji chochote kilichoona kilionekana.

Tuanze na shida iliyouzaa. Kufikia mwisho wa 1914, miezi michache tangu Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza, majeshi yalikuwa yamejichimbia ardhini kuanzia mpaka wa Uswisi hadi Bahari ya Kaskazini. Mizinga, ambayo zamani iliburutwa hadi karibu na askari wa miguu na kupiga shabaha iliyoonekana, ilirudishwa nyuma kilomita kadhaa kwa sababu ya bunduki za rashasha na mizinga ya upande wa pili. Mzinga maarufu wa Wafaransa wa milimita 75 ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja na ulikokotwa na farasi sita. Farasi sita mbele ya rashasha ni nyama tu. Kwa hiyo mpiga mzinga alibaki nyuma ya kilima, akipiga kwa ramani na kwa saa, na aliyemwambia apige wapi alikuwa mtu mwenye simu ya waya huko mbele.

Waya ndio uliokuwa balaa. Makombora ya kwanza yakianguka, waya unakatika. Mafundi wanatumwa kuuunga, wanauawa, unakatika tena. Yalibaki mafataki ya rangi, njiwa, na vijana wa kukimbia na karatasi mkononi. Ndiyo maana mashambulizi yalipangwa kwa ratiba: mizinga ipige mstari huu kwa dakika kadhaa, halafu isogee mbele mita mia, askari wafuate. Ratiba ikienda sawa, vizuri. Ratiba ikitangulia askari, ndipo Mjerumani mmoja aliyenusurika chini ya udongo hutoka na rashasha yake, akaiweka ukingoni mwa shimo, na kikosi kizima kinalala chini mbele ya waya wa miba. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Waingereza walipata majeruhi na maiti 57,470, kati yao 19,240 wakiwa wamekufa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilijirudia mahali pengi siku hiyo: mizinga ilikuwa imeshasogea mbele, rashasha zilikuwa bado hai, na kapteni aliyekuwa amelala mita mia mbili kutoka kwenye moja ya rashasha hizo hakuwa na chochote cha kuipiga zaidi ya bunduki na bomu la mkono.

Kapteni huyo alihitaji mzinga wake mwenyewe. Uwe mdogo kiasi cha kupita kwenye handaki lenye kona kila mita chache, utoe kombora linalolipuka, na ulenge sawasawa, kwa kuwa shabaha yake ni tundu la upana wa viganja viwili kwenye ukuta wa zege au mifuko ya mchanga. Na usiombe ruhusa kwa mtu aliye kilomita tano nyuma. Sharti hili la mwisho lilikuwa na uzito kuliko yote, na katika vitabu vya silaha ndilo linaloandikwa kidogo, pengine kwa sababu halina kipimo cha milimita.

Kwa nini milimita 37, na si 25 au 30? Hapa kuna kisa ambacho watu wengi hukiruka. Mwaka 1863 Warusi walitengeneza risasi ya kulipuka, ikikusudiwa kulipua magari ya kubebea baruti. Mwaka 1867 wakaiboresha hata ikaweza kulipuka ikigusa kitu laini, yaani mwili wa mtu. Waziri wa vita wa Urusi, Dmitry Milyutin, aliona silaha hiyo ni aibu, na Tsar Alexander II akaitisha mkutano wa mataifa mjini St Petersburg. Desemba 1868 wakatia saini azimio: katika vita baina yao wasitumie kombora lolote la kulipuka lenye uzito chini ya gramu 400. Nia ilikuwa kutenganisha risasi inayomlenga mtu na kombora linalolenga ukuta, gari au meli. Gramu 400 ndio ukawa mpaka.

Wahandisi nao wakausoma mpaka huo kama wanavyosoma mipaka yote: wakausogelea mpaka ukingoni. Benjamin Hotchkiss, Mmarekani aliyehamia Ufaransa na kufungua kiwanda Saint-Denis karibu na Paris, katika miaka ya 1870 alitoa mzinga wa mitutu mitano unaozunguka, kipenyo milimita 37, kombora lake likizidi gramu 400 kwa kiasi kidogo tu. Kombora la kulipuka la gramu 400 na ushei, lenye urefu wa kawaida, linaangukia hapohapo. Hiram Maxim naye akatengeneza rashasha kubwa ya kipenyo hichohicho, ile ambayo Makaburu waliwapigia Waingereza Afrika Kusini kuanzia 1899. Kwa hiyo mafundi wa karakana ya serikali ya Puteaux, pembeni mwa Paris, walipoanza kuchora mzinga wa mahandakini, milimita 37 ilikuwa imeshazoeleka viwandani na ghalani. Silaha ya 1916 ilipata umbo lake kutokana na adabu ya 1868.

Niongeze la pembeni, kwa kuwa msomaji wa Kiafrika atakuwa ameshajiuliza. Azimio lile liliwafunga waliotia saini wakipigana wao kwa wao. Limeandikwa wazi kwamba haliwahusu wengine. Na mwaka 1899, The Hague, ulipojadiliwa ukatazaji wa risasi zinazotanuka mwilini, mjumbe wa Uingereza Sir John Ardagh alizitetea kwa hoja kwamba adui asiyestaarabika hasimamishwi na risasi ya kawaida. Huruma ilikuwa na uanachama. Hata wanachama wenyewe, kufikia 1916, walikuwa wakipiga ndege za puto za Kijerumani juu ya Uingereza kwa risasi za kulipuka nyepesi mno kuliko gramu 400, na hakuna aliyeitisha mkutano. Lakini chini, mahandakini, kipenyo kilikuwa kimeshakubalika.

Basi mzinga wenyewe. Mtutu mfupi, wenye urefu wa kama mara ishirini hivi ya kipenyo chake, yaani robo tatu ya mita. Nyuma yake kitasa cha kuzungusha, kinachofunga risasi ndani ya mtutu, kilichofanana na kile cha ndugu yake mkubwa wa milimita 75. Chini, miguu mitatu: miwili mirefu nyuma inayoshindiliwa ardhini na mmoja mbele. Unaweza kuvalishwa magurudumu mawili na kuvutwa na nyumbu au watu. Ukifika karibu, magurudumu yanatolewa. Ngao ipo, na wengi waliiacha nyuma. Juu kuna darubini ya kulengea. Ukiwa tayari kupiga una kilo 108 hivi, na unafunguka vipande viwili, mtutu na miguu, kila kipande watu wawili.

Namna ulivyotumika ni hii. Usiku watu wanne wanapita na vipande viwili kwenye handaki la mawasiliano, wengine nyuma yao wakibeba masanduku ya risasi. Mbele ya mstari wao, ndani ya shimo la kombora au mwisho wa kihandaki kifupi kilichochimbwa kuelekea kwa adui, wanachonga jukwaa: miguu ya nyuma inazikwa, mifuko ya mchanga inapangwa pande zote mbili, na mbele linaachwa tundu dogo lililofunikwa gunia. Mpigaji analala au anapiga magoti kushoto. Mpakiaji yuko kulia, risasi zimepangwa juu ya turubai zisishike tope, kwa sababu tope ndani ya kitasa ni mwisho wa kazi. Kunapopambazuka gunia linainuliwa. Mpigaji anatafuta kwa darubini ile mistari miwili mieusi ya tundu la rashasha aliyoonyeshwa jana. Kombora la kwanza linapiga chini, udongo unaruka. La pili linagusa ukingo. Baada ya hapo ni mkono wa mpakiaji tu: risasi ndani, kitasa, mlipuko, ganda nje. Mikono iliyozoea ilitoa makombora zaidi ya 25 kwa dakika. Mtutu una teke dogo, kwa kuwa springi na mafuta chini yake hulimeza, hivyo darubini haipotezi shabaha. Kumi, kumi na tano, gunia linashushwa, na mzinga unafunguliwa haraka kuliko ulivyofungwa, kwa kuwa kila mtu pale anajua kinachofuata kutoka upande wa pili.

Masafa yake ya juu yalizidi kilomita mbili, lakini kazi ya maana ilifanyika chini ya mita 1,500, na kwa tundu la rashasha, karibu zaidi ya hapo. Wafaransa waliupa kila batalioni mzinga mmoja. Wamarekani walipofika na kuununua, wakaunda platuni ya mizinga mitatu kwa kila rejimenti, wakaiweka chini ya kombania ya makao makuu ya rejimenti. Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Mzinga wa batalioni una mwenyewe anayejua tundu gani linamsumbua. Mzinga wa rejimenti unaombwa.

Sasa hesabu ya uzito. Risasi nzima ya milimita 37, ganda na kombora, ina karibu theluthi mbili ya kilo. Mia moja ni kilo 67 hivi. Mzinga na risasi mia moja ni kama kilo 175, mzigo wa watu wanane wenye nguvu, na wataupitisha popote mtu anapopita. Mshindani wake, mota ya Wilfred Stokes, bosi wa kampuni ya kutengeneza winchi na kreni mjini Ipswich, aliyeichora mwanzoni mwa 1915, ilikuwa bomba la chuma, sahani ya chini na miguu miwili. Jumla chini kidogo ya kilo 50. Hapo ndipo watu husema: umeona, nusu ya uzito. Lakini bomu moja la Stokes lilikuwa na karibu kilo tano. Mabomu mia moja ni karibu nusu tani. Mota ni nyepesi ikiwa haina kazi. Ikianza kazi inakula migongo ya watu kuliko mzinga wowote mdogo, na kwa kuwa wepesi wa kurusha ni sifa yake kuu, mabomu 20 na zaidi kwa dakika, inaikula haraka.

Atakayejibu kwamba bomu moja la Stokes ni sawa na makombora tisa au kumi ya 37, atakuwa sahihi kama shabaha ni handaki lililojaa watu. Kwa tundu la rashasha hesabu inageuka. Mabomu ya Stokes ya wakati ule hayakuwa na mapezi; yaliruka yakipinduka-pinduka angani na kuanguka yalipopenda ndani ya eneo pana. Kulipata tundu moja kwa bomu kama hilo ni bahati. Kombora dogo lililopita ndani ya tundu, hata likiwa na baruti kiduchu, limemaliza shughuli. Kwa kila rashasha iliyonyamazishwa, sioni mota ilimpunguzia mtu mzigo gani.

Hivyo kama si uzito, ni nini? Ni pembe. Mtutu wa mzinga wa 1916 uliinuka digrii 17 hivi, basi. Maana yake kati ya mdomo wa mtutu na shabaha pasiwe na kitu, na mpigaji awe ameweka jicho kwenye mstari uleule. Mota ya Stokes ilikaa chini ya shimo refu kuliko mtu, ikitema juu. Wapigaji wake hawakuona chochote zaidi ya mbingu. Aliyeona alikuwa mtu mmoja mbele mwenye periskopu, akipaza sauti au kuvuta kamba: ongeza, punguza, kulia. Jicho na mtutu vilitenganishwa. Mjerumani aliyetaka kuiua mota alilazimika kubahatisha shimo lipi kati ya mia. Aliyetaka kuua mzinga wa 37 alisubiri mwako wa kwanza.

Hili linaonekana wazi upande wa Wajerumani wenyewe, na kule lilijitokeza mapema. Machi 1915 waliunda kikosi maalumu cha mashambulizi chini ya Meja Calsow, wakakipa mizinga mifupi ya kiwanda cha Krupp ya milimita 37 iende bega kwa bega na askari. Kilipotumwa mstari wa mbele kikapata hasara kubwa, na mizinga ikaonekana inavuta makombora ya Wafaransa kama taa inavyovuta wadudu. Calsow akaondolewa. Mrithi wake, Kapteni Willy Rohr, mtu ambaye jina lake limebaki katika historia ya vita vya mahandaki, hakuliacha wazo la mzinga wa askari wa miguu, alibadilisha chombo. Alichukua mizinga ya Kirusi ya milimita 76.2 iliyotekwa, ikakatwa mtutu, ikapewa magurudumu madogo. Ilikuwa mizito mara kadhaa kuliko ile ya Krupp. Kama uzito ndio ungekuwa muuaji, Rohr asingeenda upande huo. Hesabu yake ilikuwa nyingine: ikiwa utaonekana vyovyote iwavyo, basi kombora lako la kwanza liwe zito kiasi cha kumaliza ugomvi kabla hujajibiwa. Aliifunga mizinga hiyo pamoja na rashasha, mota na virusha moto, vyote vikipiga kwa pamoja, ili macho ya adui yagawanyike.

Warusi walikuwa na wa kwao wa milimita 37, wa fundi Rosenberg, mwaka 1915, wenye ngao nzito ya chuma. Waaustria walikuwa na wa kiwanda cha Škoda. Sina la kuongeza juu yao. Walipitia njia ileile na kukutana na mwako uleule.

Waingereza hawakuingia kabisa. Waliegemea Stokes na bunduki nyepesi ya Lewis. Siwapi sifa ya hekima kwa hilo, maana ofisi yao ya vita iliikataa kwanza mota ya Stokes, ikaja kuokolewa na Lloyd George alipokuwa Waziri wa Silaha. Lakini uamuzi wenyewe ulifika hadi kwetu. Katika miaka ya mwisho ya vita vya Afrika Mashariki, batalioni za King's African Rifles zilipigana zikiwa na mota hizo. Vichaka vya kusini mwa Tanganyika na kaskazini mwa Msumbiji viliondoa hoja ya kuona moja kwa moja hata bila mahandaki: mita hamsini za miombo na nyasi ndefu zinatosha kumfanya mwenye darubini awe kipofu. Na kila bomu la karibu kilo tano lilifika kule kichwani au begani mwa mtu, kwa kuwa mbung'o walikuwa wameshamaliza farasi na nyumbu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee, kwa takwimu rasmi, walizidi 40,000, wengi kwa njaa na kuhara damu, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Mtu anayetaka kuandika juu ya wepesi wa silaha za askari wa miguu angefaa aanzie na orodha hiyo kabla ya kufungua jedwali la kilo.

Kuna jambo moja linalonifanya nisikubali kwamba mzinga wa 37 ulikuwa wazo bovu. Mtutu wake haukwenda kutupwa. Mei 1918 vifaru vidogo vya Renault FT viliingia vitani kwa mara ya kwanza, na vingi kati yake vilibeba ndani ya kichwa chake cha kuzunguka mzinga wa milimita 37 wa Puteaux uliotokana moja kwa moja na huu wa miguu mitatu. Ni mtutu wa urefu uleule na kombora lilelile dogo. Kilichoongezeka ni milimita chache za chuma mbele ya mpigaji na injini ya kumwondoa alipo. Ghafla watu waliouita mzinga huo dhaifu wakawa wanausifu. Kwa maneno mengine, hata huko uliendelea kuonekana, ila aliyeonekana sasa alikuwa na kinga. Wafaransa waliupenda mno hata wakauacha ndani ya vifaru vyao vipya vya miaka ya 1930. Mei 1940 ulikutana na vifaru vya Kijerumani, kazi ambayo haukuwahi kuumbiwa, ukashindwa, na aibu hiyo ikarudishwa nyuma kumchafua babu yake wa 1916. Hapo ndipo, nadhani, hukumu ya vitabu ilipotoka.

Baada ya vita vya kwanza majeshi yaligawanyika njia. Mfaransa Edgar Brandt aliichukua mota ya Stokes akaipa bomu lenye mapezi, ikawa ya kulenga sawasawa, na mota ya milimita 81 ikaenea dunia nzima. Wajerumani waliendelea na mzinga wa askari wa miguu, wa milimita 75, kilo 400. Wasovieti nao wakautengenezea kila rejimenti mzinga wa milimita 76. Walioonyesha akili zaidi, kwa maoni yangu, ni Wajapani. Walianza mwaka 1922 kwa kufuata mzinga wa Kifaransa wa 37, wakaona mipaka yake, na miaka kumi baadaye wakatoa mzinga wa batalioni wa milimita 70, kilo zipatazo 216, wenye mtutu mfupi unaoweza kupiga moja kwa moja kama mzinga na pia kuinuka karibu wima kama mota. Mtu mmoja anachagua, kulingana na siku, aonekane au ajifiche. Mzinga huo ndio askari wa Afrika Mashariki waliukuta Bama (Myanmar ya leo) mwaka 1944, Divisheni ya 11 ilipokuwa ikishuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya kule kuelekea mto Chindwin: silaha ndogo, iliyozikwa ndani ya kilima chini ya magogo, inapiga njia moja tu ya matope na kunyamaza. Kwa anayejihami, ambaye anachagua mahali pa kukaa na kuanza yeye kupiga, lile tatizo la kuonekana hupungua sana. Wafaransa wa 1916 walikuwa washambuliaji, na mshambuliaji hachagui.

Baada ya 1945 mzinga wa magurudumu wa askari wa miguu ulififia karibu kila mahali. Hitaji lilibaki. Carl Gustaf ya Uswidi ya mwaka 1948, milimita 84, inabebwa begani na mtu mmoja kwa sababu inatema gesi nyuma badala ya kupiga teke. RPG-7 ya 1961 haihitaji maelezo kwa msomaji wa ukanda huu. Zote mbili huuzwa kama silaha za kuua vifaru, na zote mbili zimetumika mara nyingi zaidi kupiga kuta, madirisha na mashimo yenye rashasha. Afghanistan iliwarudisha Wamarekani palepale: rashasha za Taliban zikipiga kutoka mbali kuliko bunduki zao zilivyofika, wakaitoa Carl Gustaf kwenye vikosi maalumu, na mwaka 2016 wakaamua kila platuni ya kawaida iwe nayo. Miaka mia moja kamili tangu Puteaux, kapteni amepewa tena mzinga wake. Na kasoro ni ileile: ukiifyatua, wingu la vumbi nyuma yako linamwonyesha kila mtu bondeni ulipo.

Ndiyo maana nazitazama droni za Ukraine kwa jicho tofauti na wanaosema zimeleta vita vya aina mpya kabisa. Droni ndogo ya propela nne yenye kichwa cha RPG chini ya tumbo, ikiongozwa na kijana aliyeko chini ya ardhi kilomita kadhaa nyuma, inaingia kwenye tundu la handaki kwa usahihi ambao mpigaji wa 1916 angeuota. Ni kombora la kulenga moja kwa moja ambalo jicho lake linaruka pamoja nalo, huku mwili wa mpigaji ukibaki shimoni kama wapigaji wa Stokes. Katika mashindano ya miaka mia moja kati ya mzinga na mota, droni imechukua kutoka kote kuwili. Iko mikononi mwa vikosi vidogo vilivyo mstari wa mbele, na hilo pia lilikuwa ombi la yule kapteni.

Lakini wanaodhani tatizo la kuonekana limekwisha wanaenda haraka mno. Mawimbi ya redio ya mwendeshaji yanasikika, na mtu anayesikika hutafutwa. Antena yake juu ya mti imeshakuwa ule mwako wa kwanza. Mawimbi hayohayo yanaweza pia kuvurugwa, na droni ikaanguka ovyo. Kuanzia 2024 pande zote mbili zimezidi kutumia droni zinazofungua nyuma yake uzi mwembamba wa kioo, kilomita kadhaa za uzi, ili picha na amri zipite humo zisisikike wala kuvurugwa. Mashamba ya Donetsk sasa yametandwa nyuzi hizo, na mapambano yamerudi kwa wanaojua kuufuata uzi mpaka kwa mwenye nao.